Sifa za Waya Uliolegea

Watu wameshasifu ndizi, kahawa na senene hadi midomo imekauka. Waya uliolegea hajapata msifu, naye ndiye mwenye adabu kuliko sisi sote. Fundi akiingia mlangoni, taa inawaka vizuri na mwenye nyumba anaonekana mzushi. Bodaboda ya fundi ikishapotelea kona ya Kashozi, giza.

Lawama hazimpati. Novemba, mtego wa senene ukiwa umesimamishwa Bukoba, mabati yamepangwa na taa kali inawaka inazimika, watu hukimbilia kuilaumu Uganda, kwa kuwa kwa miaka mingi umeme wetu umetoka Masaka kwa laini ya kilovolti 132 hadi Kyaka. Uganda ya watu haina habari. Skrubu ya holda imelegea kidogo, na senene wamekwishahamia kwa jirani. Kule Bumbire na Goziba, wilayani Muleba, mvuvi wa dagaa, taa yake ikizimika, hulaumu betri. Hununua mpya, akaifunga kwenye taminali ileile yenye kutu ya kijani.

Kipaji chake hasa ni kufaulu mtihani. Mpime bila mzigo: volti 12 kamili, hata kama umebaki uzi mmoja tu wa shaba unaogusana, kwa sababu mita haimdai chochote. Mdai mkondo wa kweli uone. Ulaya, kwa mfano, wako watu wazima wanaojenga vijiko vidogo vya rimoti vyenye haidroli halisi, pampu, mafuta na silinda. Kijiko kinachota udongo, mota ya pampu inavuta mkondo, volti zinaporomoka, risiva inazimika na mkono unaganda hewani. Mwenyewe anamwaga mafuta, anafungua silinda, anashuku rimoti. (Silinda ni nzima. Maskini silinda!)

Kumfumania bwana huyu, gusisha ncha za mita pande mbili za kiungo pampu ikiwa inafanya kazi. Kiungo kizima hukaribia sifuri. Kikisoma volti mbili, ni yeye. Dawa yake ni kusugua kutu na kukaza kwa bisibisi. Ila fundi mwenye akili hakazi mbele ya mteja. Humtuma kwanza akalete maji ya kunywa, kisha hupanga bei.