Ndevu za Mwanafunzi Wangu

Nchini Kenya utaombwa kitambulisho kabla ya kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, kabla ya kupanda treni ya SGR, na kabla ya kuingia jengo lolote lenye ngazi, askari na daftari. Hapa Nakuru nimewahi kuandika nambari yangu ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi ili nikamwone fundi wa kurekebisha zipu. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kadi hiyo huulizwa kwa nadra, napo ndipo sheria inapotaka iulizwe: mlangoni mwa baa. Pale wanasoma uso.

Uso wangu ndio taabu yenyewe. Nina miaka 31, nafundisha Hisabati shule ya sekondari, nina mke na deni la Sacco, ila mashavu yangu yaligoma kuvuka darasa la nane. Kidevuni nina nywele chache ambazo mke wangu anazijua moja moja. Makanga wa matatu za Lanet wakinitoza nauli ya mwanafunzi huwa sibishani nao, maana riziki haikataliwi. Usiku ndio unaonidai.

Sheria ya vileo tuliyo nayo ilianza kutumika mwaka wa 2010, na wengi bado wanaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ni mtu wa kaunti yetu, kwa hiyo hatuna wa kumlaumu mbali. Sheria ile ilipanga baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, na wikendi zianze saa nane mchana. Wanywaji waliyakariri masaa hayo kuliko amri kumi. Kifungu cha miaka 18 hakuna aliyekikariri, kiliachiwa baunsa. Kila chupa imeandikwa kwamba si ya kuuziwa aliye chini ya umri huo, lakini chupa haina macho.

Baunsa naye ana mtaala wake. Ukishuka kwenye gari lako mwenyewe, ulizaliwa zamani sana, pita mkubwa. Ukishuka kwenye bodaboda, itategemea viatu. Ukija kwa miguu, umevaa raba na begi liko mgongoni, mwaka wako wa kuzaliwa unasogezwa mbele hapo hapo. Sauti nene huongeza miaka mitano. Ndevu humaliza mjadala.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi tulikuwa tunamuaga mwalimu mwenzetu aliyehamishiwa Baringo, katika kilabu kimoja si mbali na barabara ya Kenyatta. Mchana wake nilikuwa nimepitia jengo fulani la maofisi mjini. Askari wa mlangoni akachukua kitambulisho changu, akakitia kwenye droo, akanipa kibandiko cha plastiki kilichoandikwa MGENI 14. Niliposhuka, zamu ilikuwa imebadilika. Askari mpya alikuwa mtu wa heshima zake, shida ni kwamba droo ilikuwa imefungwa na ufunguo ulikuwa umekwenda Free Area pamoja na mwenzake.

"Rudi kesho asubuhi, mwalimu," akaniambia. Angalau yeye aliamini kwamba mimi ni mwalimu.

Saa moja usiku nikasimama mbele ya baunsa mwenye shingo pana kuliko kiuno changu.

"Kijana, kitambulisho."

Nikamweleza habari ya droo na Free Area. Nikamtolea kile kibandiko kama ushahidi. Akakigeuza huku na huku chini ya tochi.

"Hii inasema wewe ni mgeni. Hata mimi naona."

Nikafungua simu, nikamwonyesha picha ya kitambulisho changu. Picha ile nilipigwa nikiwa na miaka 18, nikifanana na mtu wa miaka 12. Akaisogeza karibu na pua.

"Huyu ni mtoto."

"Ni mimi huyo."

"Ndiyo hayo nasema."

Nikamwambia asome tarehe badala ya kutazama sura. Akasema siku hizi tarehe zinatengenezwa River Road. Nikamfungulia ujumbe wa Sacco, aone kwamba nadaiwa kama mtu mzima yeyote. Akasema hata watoto wa chuo wanadaiwa HELB. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kunipa ushauri. Mama mmoja alinisihi nirudi nyumbani nikalale, kesho kuna tuisheni.

Ndipo mtu mrefu, kifua wazi, ndevu zimeshuka kama za nabii, akapita kando ya foleni. Baunsa akamsogezea kamba. "Karibu, mkubwa." Mkubwa akageuka, akanitazama, uso ukamchanua.

"Mwalimu! Wamekufungia nje?"

Baunsa akatutazama kwa zamu. "Huyu ni mwalimu wako?"

"Wa Hesabu. Alinitesa miaka minne."

"Ya nasari?"

Cheko zikapanda foleni nzima, nami nikaruhusiwa. Lakini kuna jambo ambalo baunsa hakulijua. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa la kijana yule. Mimi ndiye niliyesajili darasa lake kwa mtihani wa KCSE, cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja kikiwa mezani, na baada ya kunakili tarehe za watoto hamsini na kitu, zinakung'ang'ania. Mkubwa yule alikuwa amemaliza mtihani Novemba. Miaka 18 angeitimiza Agosti. Hesabu ya Machi hadi Agosti haihitaji kikokotoo.

Kwa hiyo niliingia baa kwa dhamana ya mtu ambaye sheria ingemtoa. Nikimshitaki, nani atanidhamini? Nikamshika mkono kwa upole wa mwalimu wa zamu, nikampeleka mezani kwetu, nikamwagizia Stoney Tangawizi, nikamketisha katikati ya mwalimu wa Kiswahili na naibu wa mwalimu mkuu. Sijui adhabu kali kuliko hiyo. Naibu alimuuliza alipata gredi gani katika Kemia, akataka na sababu. Kabla ya saa tatu kijana alinyoosha mkono, kama darasani kabisa, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alizindua sera ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikipendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Lilikuwa pendekezo, bado si sheria, lakini kule Njoro wanafunzi wa Egerton walilizungumza kana kwamba polisi wamefika langoni. Mimi nilimfikiria baunsa wangu. Ndevu hazisomi Gazeti la Serikali. Ukiandika 21 au ukiandika 40, mwanafunzi wangu atasogezewa kamba, na mimi nitaambiwa nisubiri mamangu.

Mwenye dawa ya jambo hili ni binamu yangu, ambaye anauza vinywaji kwenye meli za watalii zinazong'oa nanga Miami. Kule, anasema, hakuna kusoma uso. Abiria akipanda, pasipoti yake inaingizwa kwenye mtambo na anapewa kadi. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi, na ndiyo cheti cha kuzaliwa. Akiomba bia kabla hajafika 21, mashine inakataa, na mhudumu anabaki kuomba radhi tu. Cha ajabu ni kwamba kampuni yake hiyo hiyo ikipeleka meli Ulaya, umri unashuka hadi 18. Kijana wa miaka 19 ni mtu mzima akiwa Barcelona, halafu anarudi utotoni akiwa Miami, bila yeye kubadilika hata unywele.

Krismasi binamu alipokuja likizo, kazi ilikuwa imemwingia damuni. Tulikuwa kwa mjomba wetu Elburgon, na yeye ndiye aliyeshika chupa. Mjomba alipomnyooshea glasi, binamu akatamka kwa tabasamu la meli nzima:

"Samahani, naomba kitambulisho."

Sote tulicheka isipokuwa mjomba. Alikwenda chumbani, akarudi na kadi. Binamu akaisoma, tabasamu likapungua. Ilikuwa na mwaka tu, 1958. Siku haikuwepo, mwezi haukuwepo.

"Mjomba, ulizaliwa lini hasa?"

"Msimu wa kuvuna pareto."

"Mashine yetu ingekukataa."

"Baba yangu alivaa kipande cha mkoloni shingoni, ndani ya kijisanduku cha bati, akilima ngano ya Mzungu huko Njoro. Mzungu aliandika mshahara, akaandika alama za vidole. Siku ya kuzaliwa hakuitaka, maana haikumpunguzia ngano." Akainuka, akaichukua chupa mkononi mwa binamu, akajimiminia. "Hiyo mashine yenu iambie ipande matatu ije Elburgon inikatalie hapa. Na ije na kitambulisho."