Oksijeni Imegoma Kutoka

Mtu akikusifia meno meupe, muulize kama amewahi kuzibwa jino la mbele.

Mimi ni mtoto wa chini ya Mlima Meru. Maji tuliyokunywa utotoni yalikuwa na floridi nyingi, kuzidi ile miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno yetu yakaota na madoa ya kahawia. Nimeoa nayo, nimelea watoto nayo, hakuna aliyelalamika. Sasa binti anaolewa, na mama yake kaziangalia picha za siku ya posa akatoa hukumu: "Baba Neema, hayo meno yatatuharibia albamu."

Nikaenda kliniki, nikapewa trei ya plastiki na jeli ya kabamidi peroksidi ya asilimia 10, nilale nayo mdomoni. Nilidhani ni mambo ya vijana wa siku hizi, kumbe Haywood na Heymann, madaktari wa meno wa Marekani, waliyaandika tangu 1989. Miaka yote hiyo watu wanalala na plastiki mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyenionya kwamba mto utalowa mate.

Meno yaling'aa, sikatai. Balaa likawa jino moja la mbele lililozibwa zamani. Jeli hung'arisha jino, kizibo hakiguswi. Na yule daktari wa enzi hizo alikuwa fundi kweli: alichagua resini iliyofanana kabisa na ukahawia wangu. Leo ufundi wake unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Nikarudi kliniki kudai kizibo cheupe. Daktari, binti wa rika la bibi harusi, aliniamkia kwa adabu, na kwa adabu ileile akanikatalia.

"Mzee, tusubiri kama wiki mbili."

"Mwanangu, harusi ni Jumamosi."

Ndipo nikasomeshwa. Peroksidi ikivunjika hutoa oksijeni, na hiyo ndiyo inayong'arisha. Kazi ikiisha, oksijeni nyingine hubaki ndani ya jino kama mgeni aliyekwisha kula na hataki kuaga. Ukipaka resini ukaimulika kwa ile taa ya buluu, oksijeni inaizuia kuganda sawasawa, haishiki vizuri kwenye enameli, na kizibo kinaweza kubanduka mapema. Yaani nimelipa iingie, sasa nalazwa benchi mpaka itoke.

Nikauliza kama hakuna dawa ya kuifukuza. Ipo, inaitwa antioksidanti. Inayotajwa sana ni askobeti ya sodiamu, mara nyingi ya asilimia 10; hupakwa kwenye jino, ikaachwa dakika 10 au zaidi, ikaoshwa, ndipo kuziba kukaanza. Ni jamaa wa vitamini C. Niliposikia vitamini C nikainuka kitini: nyumbani kuna gunia zima la machungwa ya Muheza, yanangoja juisi ya wageni!

Alicheka mpaka barakoa ikateleza. Juisi unaimeza, haikai pale jinoni ikafanya kazi. Tena ni tindikali, na meno yaliyotoka kung'arishwa hata maji baridi huyatia ganzi. Askobeti ni chumvi ya vitamini hiyo, haina ukali ule. Wengine wamejaribu dondoo la mbegu za zabibu, wengine chai ya kijani. Wamemjaribia nani? Akasema mengi ni majaribio ya maabara, kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa, na mengi ni ya ng'ombe.

Ng'ombe! Ng'ombe anapakwa antioksidanti na kuzibwa, baba mzazi wa bibi harusi anaambiwa arudi baadaye.

"Basi nipake na mimi," nikasema. Akatikisa kichwa. Hata oksijeni ikifukuzwa, rangi bado haijatulia. Ukishaacha jeli, weupe hurudi nyuma kidogo. Akilinganisha kizibo na weupe wa leo, baada ya muda kitakuwa cheupe kuliko majirani zake, na hapo tutaanza kugombana upya.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye binti wa kuoza, kabla hujalala na hiyo trei mwambie daktari akuhesabie vizibo vyako vya mbele na wiki zilizobaki. Nanyi wa kamati, mwambieni mpiga picha anipige upande wa kushoto tu. Na msinipigie simu tena, mchango nimeshamaliza.