Utangulizi wa Madailojia: Aina za Mtu Anayeidai Serikali

Ewe mwanafunzi, zima simu, kaa kitako, fungua daftari. Wapo wanaosoma nyota na wapo wanaosoma vijidudu. Sisi tunasoma kilicho kikubwa kuliko nyota na kisumbufu kuliko vijidudu: mtu mmoja mwenye bahasha ya kaki kwapani, anayeidai serikali. Elimu hii inaitwa Madailojia. Jina nimelitunga mimi, na hadi sasa hakuna aliyelipinga.

Fasili. Muswada wa nafuu ni muswada unaotungwa kwa ajili ya mtu aliyetajwa kwa jina, ambaye sheria za watu wote zimemwacha nje ya mlango. Usiuchanganye na muswada binafsi, ule wa mbunge asiye waziri. Katika muswada binafsi, huyo binafsi ni mbunge. Katika muswada wa nafuu, binafsi ni mdai. Kosa hili limewafelisha wanafunzi wangu wote, nao walikuwa wawili.

Makazi asilia. Kiumbe huyu hustawi zaidi katika Kongresi ya Marekani. Sababu ni mbili. Kwanza, dola ina kinga: haishtakiwi mpaka ikubali yenyewe. Pili, Katiba yao hairuhusu hata senti kutoka hazina bila Kongresi kuidhinisha. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Kanuni hiyo ni sahihi kwa jirani yako. Kwa dola, dawa ya deni ni kutungiwa sheria.

Uainishaji. Kongresi inaweza kuupeleka muswada wa nafuu kwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho ili ichunguze na kutoa taarifa: dai ni la kisheria, ni la insafu, au ni hisani tu? Juu ya msingi huo nimejenga aina tatu. Zikariri.

1. Mdaihaki. Huyu sheria iko upande wake. Ni adimu Kongresini, kwani mwenye haki ya wazi huenda mahakamani. Lakini tazama historia. Mahakama ya Madai iliundwa mwaka 1855 kuwapunguzia wabunge mzigo, na hapo mwanzo haikuwa na neno la mwisho: ilisikiliza, ikaandika taarifa na rasimu ya muswada, kisha ikarudisha kila kitu Kongresini. Mdai alitumwa dirisha namba tatu, akaambiwa arudi namba moja. Hali hii kitaalamu huitwa Mzungukodirisha. Ilianza kutibiwa mwaka 1863. Dalili zake bado huonekana katika ofisi nyingi duniani, hasa karibu na saa ya chakula.

2. Mdainsafu. Huyu sheria imemkataa ila dhamiri haijamkataa. Kielelezo: tarehe 16 Aprili 1947, meli Grandcamp iliyosheheni mbolea ya chumvichumvi ililipuka bandarini Texas City. Takriban watu 600 walikufa. Mbolea hiyo ilitoka katika viwanda vya serikali. Waathirika walishtaki, na mwaka 1953 Mahakama ya Juu, kwa kura nne dhidi ya tatu, ikaamua kwamba maamuzi ya hiari ya serikali hayashtakiki. Mwaka 1955 Kongresi ikatunga sheria ya kuwalipa. Zingatia, mwanafunzi: mlango uliofungwa na mahakama ulifunguliwa na bunge baada ya miaka miwili, na baada ya miaka minane tangu mlipuko. Muda huo huitwa Subiraumri.

3. Mdaihisani. Huyu hana haki wala insafu; anapewa kwa ukarimu tu. Kielelezo cha kawaida ni Harriet Tubman, aliyewavusha watumwa kwenda kwenye uhuru, kisha akatumikia jeshi la Muungano kama muuguzi na mpelelezi. Vita viliisha 1865. Alikuja kupata pensheni ya dola 8 kwa mwezi, tena kama mjane wa askari. Mwaka 1899 muswada wa kumpa dola 25 ukafika Kongresini. Ukatoka na dola 20. Zile 5 zilizobaki njiani nimezichunguza kwa miaka kumi na moja. Nakiri kwamba Tubman hatoshei vizuri katika aina hii, maana alikuwa amefanya kazi. Kwa hiyo nimemwongezea aina ndogo, 3(b): mwenye haki iliyovishwa kanzu ya hisani. Aina hii ndogo imeanza kuwa kubwa kuliko aina zote, lakini hilo ni tatizo la ulimwengu, si la jedwali langu.

Nadharia ya Jumanne. Baraza la Wawakilishi huipitia orodha ya miswada hii Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Kuna wapingaji rasmi sita, watatu kila chama, ambao kazi yao ni kuisoma na kuikataa. Wawili wakipinga, muswada hurudi kamatini. Mmoja akipinga peke yake, kisayansi ni sawa na aliyekohoa. Nani aliyeweka mpaka kati ya pingamizi na kikohozi kwenye namba mbili? Huu ndio mhimili wa falsafa yote. Na ukivuka hapo, bado kuna kalamu ya Rais: Grover Cleveland, katika muhula wake wa kwanza, alikataa miswada 414, mingi ikiwa ya pensheni za mtu mmoja mmoja.

Makatazo. Mwaka 1946 Kongresi ilichoka. Ilifungua mahakama kwa madai mengi ya madhara, kisha ikajikataza miswada ya watu binafsi kuhusu pensheni, kusahihisha kumbukumbu za jeshi, na kujenga madaraja. Ndiyo, madaraja. Mwanafunzi atakayeuliza daraja lilifuata nini katika orodha ya machozi ya watu atapewa alama ya sifuri, kwa sababu swali hilo ni langu.

Hitimisho. Wenzetu walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Madailojia inathibitisha kwamba dola ikikopa, matanga huwa ya mdai. Soma aina zote tatu pamoja na 3(b). Maswali yako niletee Jumanne ya kwanza au ya tatu. Jumanne ya pili mlango umefungwa, na usikohoe nje.