Sifa za Mafuta ya Kupima

Katika Mkoa wa Mtwara kuna kitu ambacho hakijawahi kutungiwa shairi wala kukatiwa utepe na mgeni rasmi, ilhali bila yake sufuria nyingi zisingebandikwa jioni. Ni mafuta ya kupima. Nayasifu kwa jina lake kamili na kwa vyombo vyake vyote: dumu la lita ishirini lililojificha chini ya kaunta, kikombe cha plastiki ambacho ukubwa wake anaujua mwenye duka peke yake, na ile chupa ya maji aliyotumwa nayo mtoto kutoka nyumbani. Naomba heshima hiyo wapewe na ndugu zake wote walioenea kuanzia Mtawanya na Mikindani hadi Msimbati na Kilambo: sukari ya robo, fungu la nyanya, unga wa nusu kilo na mkaa wa kopo. Wataalamu wa siku hizi wanatufundisha kwamba familia inayobana matumizi ya jikoni na kununua kwa akili ndiyo inayoufikia uhuru wa kifedha. Kama kanuni ni hiyo, basi walio huru kuliko wote nchini wanapatikana kwenye foleni ya duka la mtaani, saa kumi na mbili jioni, chupa mkononi.

Tuitazame fadhila kuu ya kipimo kidogo, maana ni ya kitaalamu kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi Taiichi Ohno wa kiwanda cha Toyota, Japani, alijenga mfumo wa uzalishaji usiotaka ghala lililojaa. Kifaa kifike pale kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, kwa saa inayohitajika. Kilicholala stoo ni hasara. Dunia nzima ilikwenda kujifunza, vitabu vikaandikwa, vyuo vya biashara vikaweka mitihani. Mtawanya hakuna aliyefanya mtihani huo, na bado nyumba zake zinautekeleza mfumo kwa ukamilifu ambao Ohno angeuonea wivu. Samaki wameshaparuliwa, kitunguu kimeshakatwa, moto umeshashika, ndipo mtoto anatimuliwa mbio kwenda dukani. Anarudi na kipimo kimoja, kinamiminwa chote, chupa inaning'inizwa msumarini ikisubiri zamu ya kesho. Stoo ni sifuri, na panya hana cha kutoboa. Mtaji wa familia haulali bure kabatini, kwa sababu kabati halina kitu na mtaji wenyewe haupo. Mfumuko wa bei, ambao Benki Kuu huutolea taarifa kila mwezi, hauwezi kula akiba ya nyumba hii, kwani hakuna akiba ya kuliwa. Shemeji akija ghafla hawezi kuazima lita, maana lita haijawahi kukanyaga humu ndani. Matajiri hukosa usingizi wakiwaza mali yao. Mwenye chupa tupu amekwisha kuondolewa mzigo huo. Uhuru gani mwingine mnautafuta?

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita tu. Kipimo hulinda moyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunenepa kwa mafuta yasiyotosha kukaangia. Hulinda mazingira pia, hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na chupa moja ikapata kazi ya kudumu. Na hufundisha hesabu: mtoto wa darasa la tatu wa huku anaigawa noti ya shilingi elfu moja baina ya mafuta, nyanya, chumvi na kiberiti, na anarudi na chenji.

Hapa ndipo mshauri wa fedha husimama kupinga, na tumsikilize, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi. Tuseme, kwa mfano tu, lita ya mafuta ni shilingi 6,000 na kipimo cha mililita hamsini ni shilingi 400. Vipimo ishirini ndiyo lita, na vimegharimu 8,000. Familia inayomaliza lita mbili kwa mwezi inampa mwenye duka 4,000 zaidi kila mwezi, 48,000 kwa mwaka. Wala hili si la Mtwara peke yake. Mwaka 1963 mwanasosholojia David Caplovitz alichapisha utafiti kuhusu wateja maskini wa New York, akaonyesha kwamba bidhaa zilezile waliuziwa ghali kuliko wenye nacho. Miaka zaidi ya mia moja kabla yake, mwaka 1857, mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alikuwa ameshaeleza kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyokula sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake. Kwetu, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na katika hizo 33,748 zilihesabiwa kuwa za chakula. Kinachobaki ndicho cha kodi ya nyumba, sabuni, daftari na dawa. Kwa hiyo mshauri anahitimisha: jinyimeni kidogo, mnunue kwa jumla, tofauti iwekeni, mtakuwa huru.

Kujinyima nini? Mama anayenunua kwa kipimo ameshatoa nyama, ameshatoa maziwa, ameshahama kutoka kwenye lita kwenda kwenye robo na kutoka kwenye robo kwenda kwenye kikombe, halafu mtu aliyepanda ndege kuja kuendesha semina yenye kiingilio anamwambia abane! Kikombe ndicho kubana kwenyewe, na baada ya kikombe kuna mchemsho wa maji na chumvi. Ushauri wa kununua kwa jumla ni mzuri kwa mwenye mshahara wa kila mwisho wa mwezi. Karani anaweza kununua dumu tarehe 28 na akaokoa pesa kweli, na anayefanya hivyo nampongeza bila kejeli. Vilevile VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, ni jambo la kweli: akina mama wamechangishana, wamenunua gunia la mchele, wamegawana, wamepata nafuu. Lakini hisa ya kila wiki inataka pesa ya kila wiki. Isipopatikana, hufuata ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na akiba ya mafuta ya mwaka mzima inaishia kwenye riba.

Kinachoamua ukubwa wa chupa ni kalenda ya pesa. Huku kalenda hiyo ni ya korosho: mavuno na minada ni kuanzia Oktoba, na kwa kaya nyingi pesa kubwa huingia mara moja kwa mwaka. Kati ya Februari na Septemba, korosho ikiwa shambani bado ni ua au haijawa hata ua, ndipo anapokuja mnunuzi wa kangomba, yaani wa nje ya mnada, na noti mkononi, anaikopesha nyumba yenye njaa, na msimu ukifika anachukua korosho kwa bei yake. Mkulima akimwachia gunia moja tu la kilo 80 kwa shilingi 1,000 pungufu ya bei ya mnada kwa kila kilo, amepoteza 80,000. Hiyo ni sawa na miezi ishirini ya kubana mafuta kwa hesabu ya yule mshauri wetu. Kaya hii inanunua kidogo kwa bei ya juu na kuuza mapema kwa bei ya chini kwa sababu ileile, na hakuna semina ya jikoni inayogusa upande wa pili.

Mtaniambia kangomba ni haramu na stakabadhi ghalani, yaani kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ndiyo dawa. Nakubali, mfumo huo ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08 ili kumwondoa mlanguzi, na minada imewahi kuleta bei nzuri sana, kama zile za zaidi ya 4,000 kwa kilo mwaka 2024. Ila dawa inayochelewa kufika mdomoni haimtibu mgonjwa. Aprili 2013 nyumba zilichomwa Liwale kwa hasira ya wakulima juu ya malipo ya awamu ya pili ya korosho. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na korosho zilisombwa. Lakini wapo wakulima waliosubiri fedha zao miezi mingi ndani ya 2019. Katika miezi hiyo, nani alikuwa akiwalisha? Kikombe cha mwenye duka na daftari lake la madeni. Na siku malipo yanapotoka, yanakuja yakiwa yameshapitiwa na makato ya chama cha msingi, chama kikuu, halmashauri, ghala na gunia, ambayo mkulima huyaona kwenye karatasi baada ya kukatwa.

Ajabu ni kwamba serikali yenyewe inaijua vizuri sana elimu ya kipimo pale inapopokea. Kodi ya majengo, iliyokuwa ya mwaka, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye Luku ya umeme mwezi kwa mwezi. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilichota hadi kwenye visenti vya kumtumia bibi. Kuchukua kidogo kidogo kunawezekana, kulipa kwa wakati kunakuwa kugumu. Gesi asilia ya Mnazi Bay nayo inasafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, si kwa kopo, na kando ya bomba hilohilo yapo majiko yanayowashwa kwa mkaa wa kununua kwa kopo. Nyumba zilizounganishwa Mtwara mjini bado ni chache.

Kwa hiyo viongozi wa vyama vya msingi, kabla hamjamwalika mhamasishaji mwingine wa uhuru wa kifedha, bandikeni mlangoni mwa ghala mambo matatu: tarehe ya mnada, tarehe ya malipo, na kila kato kwa shilingi. Tarehe ya malipo ikipita, andikeni pale pale sababu na jina la anayeshikilia fedha.