Mbwa Hajui Isale

*Muulize Babu wa Uzio*

Babu, kihamba chetu hapa Rau kimezungukwa na masale aliyopanda marehemu baba. Mbwa wangu Bosi hupenya humo kila asubuhi kwenda kula kuku wa jirani. Nimeshampelekea jirani jani la isale kuomba radhi, akapokea. Nilipolipeleka tena, akanidai majogoo. Nifanyeje? – Mwenye Bosi

Mjukuu, lipa majogoo kwanza.

Isale ni uzio wa watu wenye adabu. Mchaga akiliona anajua mpaka umefika, na ukimpelekea jani lake anaona vigumu kukunyima msamaha. Bosi hakushirikishwa katika mapatano hayo. Lakini usiyang'oe masale, utajikuta na kesi mbili, ya kuku na ya mpaka, na ya mpaka hurithiwa.

Simamisha wavu upande wako wa ndani, futi tano au sita, nguzo zishikwe na zege. Ila kabla hujakwenda dukani, kaa kibarazani umtazame anavyotoka. Kama anaruka, ongeza kimo na uondoe kuni na tofali ulizorundika pembeni, maana hiyo ndiyo ngazi yake. Kama anachimba, wavu uzame ardhini futi moja hivi, ukunjwe kuelekea ndani, upangiwe mawe. Masika yakilainisha udongo, kagua tena. Pale mfongo wa maji unapopita chini ya uzio ndipo watu wengi husahau: simika nondo za wima zilizokaribiana, maji yapite, Bosi abaki. Na majani ya migomba uyazoe hapo mara kwa mara, la sivyo maji yatahamia sebuleni.

Seng'enge waachie wenye ng'ombe. Mbwa hupenya katikati ya nyaya, akatoka na jeraha, na kesho akarudia.

Babu, minyaa je? Haina gharama. – Mbana Matumizi

Utomvu wake ukiingia jichoni, la mbwa au la mtoto, gharama utaiona hospitali. Panda michongoma, uifungie wavu chini mpaka ishonane.

Babu, nina ukuta wa futi saba, vipande vya chupa juu, na geti limeandikwa "Mbwa Mkali". Bado mbwa wangu namkuta gengeni. Fundi anashauri niongeze futi mbili. – Mwenye Ukuta

Fundi huishi kwa futi. Mbwa wako anatoka getini kama wewe: mtoto akirudi shule, dada akienda kununua nyanya, wewe ukipiga honi usiku na geti likabaki wazi mpaka uzime gari. Weka kigeti kingine cha ndani, kimoja kisifunguliwe kabla kingine hakijafungwa, na uzibe uwazi chini ya geti. Kwa hela ya futi mbili, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, na urudie kila mwaka. Huko gengeni hujui amekutana na nani.