Tuachieni Hata Mashini: Barua kwa Waheshimiwa wa CENI, Tume ya Uchaguzi ya Kongo

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Gety, usultani wa Walendu Bindi. Tuko salama, kadiri mtu anavyoweza kuwa salama Irumu. Asanteni kwa kutukumbuka kwenye chaguzi za 2006, 2011, 2018 na 2023. Ile iliyopaswa kufanyika 2016 mlichelewa nayo miaka miwili, tukawasamehe. Barabara yetu tunaijua.

Rais tumempigia kura. Depite wa taifa tumempigia, na wa jimbo pia. Amebaki yule wa karibu, diwani wa usultani. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema usultani uwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, lipitishe bajeti. Kalenda yenu ya 2015 ilitaja hadi siku: 25 Oktoba. Tukafua mashati. Mwaka 2023 mkaanza na miji mikuu ya majimbo. Bunia wakachagua madiwani wa komune, sisi wa huku tukachagua kungoja.

Hatulalamiki. Tuna maombi tu.

Wagombea wa 2028 waje kwa pikipiki, wakati wa mvua, wakae nyuma. Fulana za kampeni zishonwe mifuko, maana ndizo nguo zetu za shamba kwa miaka mitano. Na ule wino wa kidole, utumieni kuchapa kadi za kura: wa kidoleni ulikawia kutoka, wa kadi za 2023 ulififia upesi.

Ombi lenyewe ni hili: tuachieni mashini moja ya kura. Msiseme haiwezekani. Tarehe 5 Januari 2024 mlifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa mliyoyataja ni kumiliki mashini hizo kinyume cha sheria. Ikiwa mashini inaweza kulala kwa mgombea, kwetu pia italala vizuri. Tutaijengea payoti ya nyasi karibu na soko. Tutachagua mzee wa kuifunika turubai mvua ikija, naye atakuwa kiongozi wa kwanza wa hapa tuliyemchagua wenyewe.

Picha za wagombea msizifute. Siku ya soko, mama aliyelipishwa ushuru kwa bakuli la maharagwe atapanga foleni, atabonyeza uso wa depite, amweleze shida yake yote. Depite atamtazama kwa lile tabasamu la kampeni, na safari hii hatakuwa na haraka ya kuwahi gari. Depite wa jimbo naye awemo. Baraza lake la Bunia limezimwa na hali ya dharura iliyoanza Mei 2021. Angalau ndani ya mashini atapata pa kukaa. Mwishoni itatoka karatasi, mama ataikunja, ataifunga kwenye pindo la kitenge. Akiulizwa ushuru wake ulifanya kazi gani, ataonyesha karatasi hiyo. Betri ikibakiza moto, vijana watachaji simu.

Tunasikia kwamba uchaguzi wa ngazi ya chini ni ghali. Hali ya dharura inarefushwa kila siku 15, na hatujasikia hata mara moja kwamba kuirefusha kumekosa pesa. Gavana ni mwanajeshi. Ushuru unaijua njia ya Gety. Bunduki zinaijua. Sanduku letu la kura ndilo linalopotea njiani tangu Katiba ya 2006, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni wapiga kura wasio na diwani wa kumpigia. Mnaogopa nini? Depite tukimchagua anahamia Kinshasa, na simu yake inahama naye. Diwani wa hapa hana pa kuhamia. Akila pesa ya daraja, kesho asubuhi atakutana na wenye daraja kisimani. Labda hiyo ndiyo gharama mnayoihesabu.

Mtuwie radhi, jua la soko ni kali.

Tunangoja jibu lenu, waheshimiwa: tarehe au mashini. Ikiwa ni tarehe, tafadhali ije na watu wake. Ile ya 25 Oktoba tunaifikia kila mwaka, na hatumkuti mtu.

Wenu watiifu,
Wapiga kura wa Gety