Mvua ya Kiangazi

Mpanda hatuna upungufu wa kelele. Kama unabisha, pita kwenye mashine za kukoboa mpunga saa nne asubuhi, uzungukie stendi, kisha uje ukae barazani kwangu, ambapo kushoto kuna gereji ya bodaboda na kulia kuna kanisa lililoelekeza spika zake kwenye dirisha langu. Ndiyo maana mpwa wangu aliponiambia anatafuta kelele na haipati, nilimuuliza kama ameshapima malaria.

Kijana huyu ni prodyuza. Ndivyo anavyojiita, nasi kama ukoo tumenyamaza. Chumba changu cha uani, kilichokuwa stoo ya mahindi, siku hizi kinaitwa studio, na mle ndani kuna sampla moja kuukuu, Akai MPC2000XL, aliyouziwa na mtu wa Dar. Nimeichunguza. Ina pedi 16 za mpira: unarekodi sauti, unaikabidhi pedi, ukiigonga inalia. Babu yake alizaliwa 1988, Mmarekani Roger Linn alipoibuni MPC60 kwa ajili ya kampuni ya Akai ya Japani, na sehemu kubwa ya hip hop iliyowatoa vijana wetu shambani ilipikwa kwenye mashine za ukoo huo. Hii iliyoangukia kwetu ilitoka kiwandani na kumbukumbu ya megabaiti 2, yaani sekunde ishirini na ushee za sauti, na kazi inatunzwa kwenye flopi. Flopi! Amenituma mimi, mtu mzima, nikamtafutie flopi Mpanda mjini. Kijana wa duka la simu alidhani naulizia dawa, akanielekeza famasi.

Kisa chote ni bati. Mwenye duka la bati anataka tangazo la kuzungushwa na gari la matangazo: mvua inamwagika, familia imetulia ndani, sauti nene inasifia bidhaa. Kazi nzuri, ila imekuja Agosti. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ya Katavi ikishika juu ya bati huwezi kusikia hata anayekudai. Agosti hakuna wingu. Mto Katuma umebaki madimbwi, na kule hifadhini viboko wanabanana kwenye tope wakigombea nafasi kama abiria wa behewa la daraja la tatu. Nilishauri tusubiri Novemba. Mteja akasema Novemba mwenye akili ameshaezeka.

“Mjomba usihofu,” mpwa akaniambia, “mvua ni waiti noizi tu.” Akanieleza. Chukua sauti zote ambazo sikio la binadamu linazipata, kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000, zilie zote kwa mpigo, bila mpangilio, hakuna inayomzidi mwenzake nguvu. Ukishaipata hiyo, kilichobaki ni ufundi wa kukata. Ikate fupi kabisa, inakuwa haiheti. Ifunge filta halafu uifungue polepole, unapata wimbi la ziwa pale Karema. Ishushe na kuikokota, huo upepo. Tatizo, sampla yake haizalishi kelele hiyo yenyewe. Inangoja kuletewa. Hapo ndipo nyumba yangu ilipoingia matatani.

Zamani ungewasha televisheni usiku ukapata chenga, na mlio wake wa bure. Lakini mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na sisi wa mikoani tukafuata. Siku hizi king'amuzi kikikosa mawimbi kinakuandikia maneno na kukaa kimya. Hatukuziaga chenga kwa heshima. Sehemu yake ndogo, kama asilimia 1, ilikuwa mabaki ya joto la kuanza kwa ulimwengu. Mwaka 1964 huko Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mlio kwenye antena yao, wakafukuza njiwa waliohamia humo, wakasugua mavi, na mlio ukabaki palepale. Mwaka 1978 wakapewa Nobeli. Mimi nimesumbuliwa na milio maisha yangu yote, sijapewa hata fulana.

Basi akaichukua redio yangu, ile ya kuzungusha kwa kidole, kwa kuwa hizi za kisasa zinaruka zenyewe kutoka kituo hadi kituo. Betri nilikuwa nimezianika juani zipate nguvu. Akazichukua pia, nikakosa taarifa ya habari. Kwenye masafa ya kati, kila alipodhani kelele imenyooka alijitokeza mtu kwa mbali anaongea Kifaransa. Akahamia FM, akapata pengo kati ya vituo viwili: shaaaa, safi kabisa. Tundu la hedifoni lilishakufa, ikabidi aweke maikrofoni mbele ya spika. Akabonyeza. Bodaboda ikapita. Akabonyeza tena, jogoo wangu akaingia. Akafunga dirisha, likaja toroli la karanga na spika yake. Nilianza kumuelewa, ingawa sikumwambia. Mji mzima unapiga kelele, lakini kila kelele ina mwenyewe ndani yake. Ile isiyo ya mtu yeyote huipati mpaka saa tisa usiku, na saa tisa usiku ndipo alipoipata, akaniamsha nije kuisikiliza.

Sekunde ishirini hazitoshi tangazo, kwa hiyo akaifanya lupu. Hapo nilijifunza kitu. Ukichukua kipande kifupi mno, tuseme sehemu ya mia ya sekunde, kikijirudia mara 100 kwa sekunde sikio halisikii tena kelele, linasikia noti, zzzz, nyuki mtupu. Ukichukua sekunde moja, unasikia inavyopumua. Akachukua kipande kirefu kuliko vyote, akakiweka kwenye pedi tatu, kila moja ameitune tofauti kidogo ili maungio yasikutane. Nikakiri kwamba ni mvua, ila ni mvua inayonyesha mahali fulani, haijagonga bati.

Akaenda jikoni. Akachukua mchele wangu wa Mpimbwe, mchele wa wageni, akaumimina kwa mkono juu ya kipande cha bati, punje kwa punje, konzi baada ya konzi, maikrofoni ikiwa chini. Mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Lazima niseme ilitisha: ukifumba macho ulitaka kuanua nguo.

Mteja akaja. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja uso. “Mbona bati langu linapiga kelele hivi? Nani atalinunua?”

Mpwa akafunga filta kidogo. “Bado.” Akaifunga zaidi, mvua ikaanza kuwa kama imehamia Sumbawanga. “Endelea.” Akaendelea hadi sikusikia kitu isipokuwa gereji ya jirani. “Hapo hapo!” akasema mteja, akalipa.

Nimedai fidia ya mchele. Nimejibiwa, kwa heshima zote, kwamba haumo kwenye tangazo.